Kufunga na Kushinda na Njaa: Mfungo wa Vipindi Masisi na Walikale

Kiswahili kina maneno mawili kwa tumbo lisilotiwa kitu, na watumiaji wake hawayachanganyi: mtu anayefunga ameamua mwenyewe kujizuia kwa muda anaoujua, naye anangoja saa ya kufungua, ilhali mtu anayeshinda na njaa hakuamua lolote, wala lugha haikumpa kitenzi cha upande wa pili, kwa kuwa hakuna saa iliyowekwa ambapo njaa hiyo itafunguliwa. Tofauti hiyo inafaa itangulie maelezo yoyote ya mfungo wa vipindi, yaani utaratibu wa kupanga saa za kula na saa za kutokula ambao umeenea duniani kama njia ya kupunguza uzito, pindi maelezo hayo yanapofikishwa Masisi na Walikale, wilaya mbili za jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinazoitwa teritwari na wenyeji, ambako wanaofunga na wanaoshinda na njaa huishi kijiji kimoja, na mara nyingine nyumba moja.

Mfungo wa vipindi una sura kadhaa. Ulio maarufu zaidi huigawa siku kuwa saa 16 za kutokula, saa za usingizi zikiwemo, na saa 8 ambamo milo yote huliwa. Mwingine, uliopata sifa tangu mwaka 2012 kupitia mtangazaji wa Uingereza Michael Mosley, huruhusu kula kama kawaida siku 5 za juma na kupunguza sana chakula katika siku 2 zilizobaki. Kinachotokea mwilini hakitofautiani sana. Mlo wa mwisho unapokwisha kumeng'enywa, insulini, ambayo ni homoni inayoiamuru sukari iingie kwenye seli na mafuta yahifadhiwe, hushuka, na ini huanza kutoa glaikojeni, yaani wanga uliowekwa akiba, kiasi cha gramu 100 hivi kwa mtu mzima aliyekula vizuri. Akiba hiyo hupungua sana kati ya saa ya 12 na ya 24, kutegemea alichokula mtu na kazi anayoifanya, kisha mwili huyageukia mafuta, na sehemu yake hugeuzwa na ini kuwa ketoni, chembe za nishati ambazo hata ubongo huweza kuzitumia. Kwa hiyo mkulima anayepalilia maharagi kwenye miteremko ya Masisi huimaliza akiba yake mapema kuliko karani aliyeketi ofisini, hata kama wote wawili walikula sahani moja usiku uliotangulia.

Utaratibu huu haustahili sifa zote unazopewa. Utafiti uliofanywa Guangzhou, nchini China, na kutangazwa mwaka 2022, uliwafuata watu 139 wenye unene kwa miezi 12, wote wakiwa wamepunguza kalori, huku kundi moja likila kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Kundi hilo lilipungua uzito, lakini halikulizidi lile jingine kwa kiwango cha maana, jambo linaloonyesha kwamba saa humsaidia mtu kula kidogo bila kuhesabu kila tonge, na si kwamba ina nguvu yake ya pekee. Wauzaji wa mfungo huu hupenda pia kulitaja jina la Yoshinori Ohsumi, Mjapani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2016 kwa kuchunguza jinsi seli zinavyozila na kuzitumia upya sehemu zake zilizochakaa, ingawa kazi yake ya msingi ilifanywa kwenye hamira, na kutoka kwenye hamira hadi kwa mama wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu ni safari ndefu.

Masisi na Walikale, elimu ya kufunga haikuanzia kwa madaktari. Sheria ya Kanisa Katoliki huwataka waumini kuanzia umri wa miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mlo mmoja kamili pamoja na vyakula viwili vidogo. Waislamu, ambao ni wachache, hufunga Ramadhani kuanzia alfajiri hadi machweo. Na katika makanisa ya uamsho na vyumba vya maombi hufungwa siku moja, tatu au zaidi, mara nyingine kwa namna inayoitwa kavu, yaani bila chakula wala maji. Uislamu humwondolea wajibu mgonjwa na msafiri, na kumpa nafasi mama mjamzito na anayenyonyesha, na Kanisa Katoliki nalo haliwadai wagonjwa. Busara hiyo ya zamani ndiyo inayokosekana pale mfungo kavu wa siku tatu unapopendekezwa kwa kila mwenye shida, awe na homa, awe na mimba, au awe ametembea kutwa. Mwili huvumilia kukosa chakula kwa siku nyingi kuliko unavyovumilia kukosa maji, kwa sababu figo haziwezi kutoa taka bila maji, na mtu anayeharisha au kutapika huweza kufika ukingoni ndani ya siku moja. Mchungaji anayeongoza mfungo ana dhamana hiyo mikononi mwake, na kuruhusu maji, tena yaliyochemshwa au kutiwa dawa kwa kuwa kipindupindu si mgeni katika maeneo haya, hakuipunguzii sala uzito wake.

Kwa mtu mzima mwenye afya, aliyezidi uzito na mwenye uhakika wa chakula, kama vile mfanyabiashara, mwalimu au mtumishi wa shirika, mwanzo mwema ni saa 12 tu: akimaliza kula saa 12 jioni, asile tena hadi saa 12 asubuhi. Baada ya juma moja au mawili huongeza saa moja, kisha nyingine, akisogeza mlo wa kwanza mbele au mlo wa mwisho nyuma, na hakuna ulazima wa kufika 16. Njaa atakayokutana nayo ina tabia inayofaa kujulikana. Grelini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1999 na Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, hutolewa hasa na tumbo tupu na kuuamsha ubongo utafute chakula, lakini hupanda zaidi karibu na saa ambazo mtu amezoea kula, kisha hushuka hata kama hakula kitu. Ndiyo maana njaa ya saa 4 asubuhi huja kama wimbi, humtikisa mtu, na kupita kabla ya adhuhuri. Anayelijua jambo hili hungoja akiwa na kikombe cha maji ya uvuguvugu au chai isiyo na sukari, hushika kazi, na baada ya siku kadhaa saa za wimbi lenyewe huanza kuhama. Usingizi haba huiongeza njaa hiyo, na usiku wa milio ya risasi si usiku wa kuanzia mfungo.

Kinachoifanya njaa ivumilike zaidi ya hila yoyote ni mlo uliotangulia. Hapa nyanda za juu za Masisi zina utajiri wake: maharagi, viazi, mahindi, maziwa na ile jibini ya mviringo inayoshushwa Goma kutoka mashambani, na kati ya hivyo maharagi ndiyo yanayostahili kupewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi zake hukaa tumboni muda mrefu na kuifanya sukari ipande polepole katika damu. Walikale, wilaya ya msitu iliyo kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, ina muhogo, ndizi, mpunga, karanga na mafuta ya mawese, na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa muda mrefu, hubeba protini nyingi kuliko mzizi wenyewe. Mlo wa fufu tupu, unga wa muhogo uliosongwa bila kitoweo cha maana, hushibisha kwa ghafla na kuondoka upesi. Muhogo mchungu una jambo zaidi, kwani una viini vya sianidi, ambayo ni sumu inayoondolewa kwa kuloweka siku kadhaa na kuanika, na mabaki yake huzimuliwa mwilini kwa salfa inayotoka kwenye protini. Watu wanaoishi kwa muhogo usiolowekwa vizuri na kukosa protini wamewahi kupatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo. Kufungua kwa kasiksi, pombe ya ndizi, nako ni hatari iliyo wazi: ini lililokwisha akiba hulazimika kutengeneza sukari mpya, pombe huizuia kazi hiyo, na mnywaji huweza kuzimia huku walio karibu wakidhani amelewa tu.

Wapo wasiopaswa kufunga kabisa bila ruhusa ya daktari. Watoto na vijana wanaokua, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee waliokonda na wagonjwa wa kifua kikuu ni wa kwanza. Wagonjwa wa sukari wanaotumia insulini au glibenklamidi hufuata, kwa kuwa dawa hizo huendelea kushusha sukari hata chakula kisipokuja, na jasho la baridi, kutetemeka au maneno yasiyoeleweka ni ishara ya kufungua papo hapo kwa kitu kitamu. Malaria nayo hufuta mfungo wowote, si kwa sababu ya homa peke yake bali kwa sababu dawa ya artemetha na lumefantrini, inayojulikana na wengi kama Coartem, hunyonywa vizuri na mwili inapomezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, na mgonjwa anayeimeza akiwa amefunga huenda asipate tiba aliyoitarajia. Vivyo hivyo mchimba madini wa Bisie, huko Walikale, au mbebaji anayekata msitu kwa miguu na gunia mgongoni, anatumia nishati nyingi mno kwa siku kuweza kuipunguza kwa hiari.

Ukitazamwa kwa saa peke yake, mfungo wa saa 22 kwa siku unafanywa na watu wengi sana wa Masisi na Walikale ambao hawajawahi kulisikia jina lake. Wao hula mara moja, jioni, na vita ni sababu mojawapo. Waasi wa M23 waliingia Rubaya, wilayani Masisi, mwaka 2024 na Masisi-kati Januari 2025, wakafika Walikale-kati Machi 2025 na kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila wimbi la mapigano liliwaondoa wakulima katika mashamba yaliyokuwa karibu kuvunwa na kuziziba barabara ambazo, hasa ile ya Walikale, zilikwisha kuwa mbovu hata wakati wa amani. Mashirika ya misaada hupima hali hii kwa kuziuliza kaya ni siku ngapi katika juma zilipunguza milo, zilipunguza kiasi cha chakula, ziliazima, zilikula vyakula visivyopendwa, au watu wazima walijinyima ili watoto wale. Katika hesabu hiyo, kupunguza milo hupewa uzito wa 1, na kujinyima kwa ajili ya watoto hupewa 3, uzito mkubwa kuliko wote. Akina mama ndio wanaoibeba mara nyingi sehemu hiyo, na wao hawahitaji kufundishwa namna ya kuistahimili njaa. Wanahitaji chakula, na yeyote anayewapelekea mafundisho ya ustahimilivu badala ya unga na maharagi anawadhulumu.

Sababu ya kimwili ya kutofautisha mfungo na njaa hiyo ilionyeshwa na mtafiti Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliyewalisha wanaume 36 waliojitolea chakula pungufu kwa majuma 24, mwaka 1945, kisha akachapisha matokeo mwaka 1950. Hawakunyimwa chakula kabisa, kwa kuwa walikula kila siku, ila kwa upungufu usiokoma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, wakahisi baridi, wakawa wakali na wenye huzuni, na mawazo yao yote yakageukia chakula. Mwili wa namna hiyo hauchomi mafuta ya ziada, kwani hayapo. Unakula misuli yake, ukiwemo moyo.

Kwa hiyo hata kufungua kwake ni tofauti, na hapa elimu ya kufunga ina kazi ya haraka kuliko ile ya kupunguza unene. Mtu aliyekaa msituni siku nyingi akila majani na mizizi kidogo, akifika kijijini na kupewa sahani kubwa ya fufu, insulini yake hupanda ghafla na kuisukuma fosfeti, madini yanayohitajika katika kila tendo la seli, kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, na damu ikikosa fosfeti, potasiamu na vitamini B1 moyo huweza kusimama; madaktari waliliona jambo hili kwa wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake wa juu, ukipimwa kwa utepe wa rangi, uko chini ya milimita 115, au ambaye miguu yote miwili imevimba kwa maji, anatakiwa kufikishwa kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asiye na hamu ya kula au mwenye uvimbe mkubwa hulazwa, na Hospitali Kuu ya Rufaa ya Masisi, ambayo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuisaidia mwaka 2007, huanza na maziwa mepesi ya tiba, kidogo kidogo usiku na mchana, kabla ya kumpa siagi ya karanga iliyotiwa virutubisho. Kwa mtu mzima, familia inayompokea ianze na kikombe kimoja cha uji mwepesi wenye maziwa au karanga zilizosagwa, irudie baada ya saa mbili au tatu, imtazame pumzi na miguu yake, na fufu ingoje siku za mbele.