Salum Abdallah bado anachengua!

Washikaji, mnajua kwamba Morogoro, huko huko inakokwenda reli hii inayopita kwetu Magindu, kulikuwa na mkali wa kufa mtu? Salum Abdallah alianzisha bendi mwaka 1948, ikaja kuitwa Cuban Marimba. Ajali ya gari ikamchukua 1965. Muziki wake ukabaki wa wazee, hadi mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilipouweka kwenye CD. Ujerumani, jamani!

Mimi nimeunasa kwenye simu. Rumba ya Kikyuba kwa Kiswahili laini, gitaa halina haraka. Bibi aliacha kuchambua mchele, akaimba mwanzo mwisho. Santuri zako ziko wapi, bibi?

"Baba yako na wenzake walizichezea, zikavunjika zote."

Mwenye hata moja kwao asiitupe. Aniite, nakuja kusikiliza.