Tusinunue Magari ya Turbo kwa Pupa

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotuumiza sisi wakazi wa Kyela, na naamini hata wenzetu wa Rungwe, Mbeya na kwingineko nchini. Jambo lenyewe ni ununuzi wa magari ya mtumba yenye turbo, hasa Subaru Forester na Impreza, na pia Toyota Mark II na Chaser zenye injini ya namna hiyo. Mimi ni fundi wa magari hapa Katumba Songwe, na ni magari ninayoletewa kwa kuvutwa na kamba yaliyonifanya nishike kalamu.

Kila msomaji anajua kwamba Kyela ni nchi ya mpunga na kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikupata kutokea kabla. Wakulima wetu, ambao huuza kakao yao kwa mnada kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani, walishika fedha ambazo baba zao hawakuziota. Wapo waliojenga nyumba za matofali na wapo waliosomesha watoto. Lakini wapo vijana waliokimbilia magari ya kasi. Mwaka 2025 bei ikashuka sana. Sasa gari lipo uani, lakini fedha ya kulitunza haipo.

Ndugu Mhariri, sipingi kijana kuwa na gari. Ninachopinga ni kununua gari usilolijua tabia yake. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwa magari haya kidonda hakichelewi kuonekana.

Turbo ni nini? Ni feni mbili ndogo zilizounganishwa kwa fimbo moja. Moshi unaotoka katika injini huizungusha feni ya kwanza, na feni ya pili husukuma hewa kwa nguvu iingie ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi na petroli huongezwa, na hivyo injini ndogo hutoa nguvu za injini kubwa. Ufundi huu si mgeni, kwani Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliuandikia hataza mwaka 1905. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba fimbo ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na upande mmoja wake unapigwa na moshi wa moto mkali kupita kiasi. Kinachoizuia isiungue na kukwama ni oili tu. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiwa ya bandia, turbo inakufa, na mara nyingi vipande vyake na uchafu wake huiharibu injini nzima.

Vijana wanayapenda magari haya kwa sababu ya sifa zake katika mashindano ya Safari Rally kule Kenya. Ni kweli sifa hizo si za uongo. Mwaka 1984 Toyota Celica yenye turbo ilishinda ikiendeshwa na Björn Waldegård. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda kwa Impreza. Lakini tusisahau kwamba nyuma ya madereva hao kulikuwa na mafundi waliowasubiri njiani wakiwa na spea mpya, oili mpya na matairi mapya. Kijana wetu wa Katumba Songwe hana jeshi la mafundi linalomsubiri Tukuyu.

Jambo jingine ni sababu ya magari haya kuuzwa Japani kwa bei nafuu. Kule gari binafsi hukaguliwa kisheria baada ya miaka mitatu ya kwanza, na baada ya hapo kila miaka miwili. Gari likizeeka, ukaguzi na matengenezo yake humgharimu mwenyewe fedha nyingi, hivyo huona heri aliuze. Kwa hiyo gari tunalolifurahia hapa mara nyingi ni lile ambalo mwenzetu wa Japani ameukimbia mzigo wa kulitengeneza. Mzigo ule haukubaki Japani, bali umepanda meli pamoja na gari.

Sasa tuitazame barabara yetu. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari, na Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500. Anayetoka Kyela kwenda Mbeya anapanda zaidi ya kilometa nzima kwenda juu, tena akianzia kwenye joto letu la bondeni. Katika mpando ule turbo haipumziki. Gari lenye rejeta iliyoziba au oili iliyopungua huweza kuzunguka hapa bondeni miezi kadhaa bila kuonyesha kasoro, lakini siku ya kupanda Tukuyu siri yote inatoka nje.

Nitoe mfano mmoja. Kijana mmoja wa huku aliuza kakao ya msimu mzima, akaongeza na fedha za mama yake, akanunua Forester ya mwaka 2003 kwa mtu aliyekuwa amelitumia kwa muda. Alipolileta nilimwuliza kama taiming belti imewahi kubadilishwa. Akajibu kwamba muuzaji alisema gari halina tatizo. Nikamshauri tuibadili kabla ya safari yoyote, naye akasema asubiri kwanza, kwani fedha zote alikwisha kununulia redio na rimu. Haikupita miezi mitatu, belti ilikatika akiwa anapanda kuelekea Tukuyu. Katika injini ile belti ikikatika pistoni hugonga valvu, na valvu zikapinda. Gharama ya belti na roli zake ingekuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya injini nyingine. Gari lile limesimama hadi leo, na mama yake hana kakao wala fedha.

Kutokana na hayo, ningependa kuwashauri wananchi wenzangu mambo yafuatayo kabla ya kununua.

Kwanza, fika mapema injini ikiwa ya baridi. Ukikuta muuzaji amekwisha kuiwasha na kuipasha moto, uliza kwa nini. Washa wewe mwenyewe na utazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na huenda turbo inavuja au ringi zimekwisha. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji yanayoingia ndani, yaani gasketi ya silinda hedi. Moshi mweusi ni petroli inayozidi.

Pili, chomoa stiki ya oili na ufungue kifuniko cha oili. Ukiona utando mzito mweusi kama lami, ujue oili haikuwa ikibadilishwa kwa wakati. Katika baadhi ya injini za Subaru kuna chujio dogo kwenye bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Chujio hilo likizibwa na utando ule, turbo hukosa oili hata kama stiki inaonyesha imejaa.

Tatu, mwombe fundi asiye na urafiki na muuzaji apime kompresheni ya kila silinda na kulisoma gari kwa kompyuta. Ukiambiwa hapana, funga mkoba wako uondoke.

Nne, tazama matairi. Subaru hizi huvuta kwa magurudumu yote manne. Ukifunga tairi moja jipya na matatu yaliyolika, au ukichanganya saizi, vyuma vya ndani vya kugawa nguvu huzunguka bila kupumzika hadi vikaungua. Tabia yetu ya kununua tairi mojamoja kadiri fedha inavyopatikana haifai kwa gari hili.

Tano, hapa kwetu mto Songwe na mvua za masika hujaza maji mashambani na barabarani. Funua mazulia ya gari, nusa, na utafute tope na kutu chini ya viti. Gari lililozama huuzwa likiwa limeoshwa na kunukishwa manukato.

Sita, hakikisha karatasi. Tuko mpakani, na Kasumulu si mbali. Wapo wanaotembeza magari yenye namba za Malawi kwa bei ya kutupa. Gari ambalo halijalipiwa ushuru si mali yako hata kama umelilipia. Na kwa wanaoagiza wenyewe, magari yaliyozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Kikokotoo cha TRA kipo katika mtandao, basi piga hesabu hiyo kabla ya kutuma fedha Japani.

Baada ya kununua, utunzaji wenyewe si uchawi. Badili oili na filta kila kilometa 5,000, wala usingoje zaidi. Tumia oili ya sintetiki ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari, na uinunue kwa mtu unayeweza kumrudia. Pima oili kila unapojaza petroli, kwani injini hizi huweza kula oili bila kudondosha hata tone chini. Usijaze rejeta maji ya mtoni, tia kulanti. Ukishawasha asubuhi, usikanyage mafuta kwa nguvu kabla injini haijapata moto. Na ukishapanda mlima au kukimbia, usizime gari papo hapo. Liache liungurume taratibu kwa dakika moja au mbili ili oili iendelee kuipoza turbo. Ukizima ghafla, oili iliyobaki katika turbo huungua na kuganda kama masizi.

Kuhusu petroli, magari mengi ya turbo kutoka Japani yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya kule, yenye oktani karibu 100. Petroli yetu iko chini ya hapo. Gari litakwenda, lakini si la kulazimishwa. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo wakati wa kupanda, punguza mguu mara moja, kwani kugonga huko ndiko kunakovunja pistoni. Aidha, tuachane na petroli ya chupa za kando ya njia isiyojulikana ilikotoka.

La kusikitisha zaidi ni vijana wanaopeleka magari haya kuongezewa kasi. Wanatoa sailensa, wanaongeza msukumo wa turbo na kufunga vidude vya kupumulia hewa ili gari lipige mlio wa kutisha watu. Gari lililokwisha kutembea miaka 20 linaongezewa mzigo wakati vyuma vyake vinaomba kupumzika. Tena kasi yenyewe waitumie wapi? Sheria inasema kilometa 50 kwa saa katika makazi ya watu, na barabara yetu kutoka Uyole hadi Kasumulu imejaa watoto wa shule, bodaboda na akina mama wenye mikungu ya ndizi. Katika mteremko wa Tukuyu gari zito lenye breki zilizolika halijui kwamba bonde lina watu. Mwenye fedha za kuongeza aanze na breki, shokapu na matairi.

Napenda pia kuwaomba wahusika watusaidie. TBS iongeze ukaguzi wa oili za injini katika maduka ya wilayani, kwani kopo zuri si ushahidi wa oili nzuri. VETA ifikirie kuwafundisha vijana wetu injini za turbo na matumizi ya kompyuta za kupimia, maana magari haya yamejaa vijijini lakini mafundi wake ni wa kuhesabu. Viongozi wa vyama vya ushirika nao, wanapowalipa wakulima, si vibaya wakawapa neno la ushauri juu ya matumizi ya fedha ya msimu.

Kwa kijana aliyekwisha kuamua, ushauri wangu wa mwisho ni huu. Ukishajua bei ya gari, tenga kando fedha nyingine za kubadili belti, oili zote, plagi, rejeta na matairi manne. Kama fedha hizo huna, basi bado hujafikia gari la turbo. Nunua lisilo na turbo. Litakupeleka Mbeya na kukurudisha, litabeba mchele wa mama na mgonjwa wa jirani, na msimu ujao utakuwa bado na shamba. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuuza miti ya kakao iliyopandwa na babu ili kununua injini ya pili.



Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi Mkongwe,
Katumba Songwe, Kyela.