Ridusa haiongezi mwanga

Wiki iliyopita nilipata barua ya kijana mmoja wa Temeke. Ana darubini ya lenzi, ana kamera, na baada ya kujinyima mwaka mzima ana fedha za kununua kitu kimoja tu. Muuzaji amemwambia kwamba akifunga ridusa, yaani lenzi ya kupunguza fokasi, darubini yake ndogo itafanya kazi ya darubini kubwa. Anauliza kama ni kweli.

Si kweli. Hata hivyo simkatazi kuinunua, ili mradi atenge kwanza nauli ya Kibiti. Hebu nieleze.

Darubini yangu mimi ina mdomo wa milimita 80 na urefu wa fokasi wa milimita 600. Maana yake, mwanga unaoingia mbele hukutana na kuwa picha milimita 600 nyuma ya lenzi. Ukigawa 600 kwa 80 unapata 7.5, na namba hiyo ndiyo wapiga picha wanayoitazama: ikipungua, picha inapatikana upesi zaidi. Ridusa ni lenzi ndogo, aghalabu mbili au zaidi pamoja, zinazokaa kati ya darubini na kamera na kuufanya mwanga ukutane mapema. Ridusa ya 0.8 inageuza 600 kuwa 480, na 7.5 kuwa 6. Lakini mdomo umebaki wa milimita 80 vile vile. Hakuna mwanga ulioongezeka. Tena vioo vyenyewe humeza kidogo.

Basi faida inatoka wapi? Chukua kopo la maji ulimwage kwenye sinia. Kisha kopo jingine kama hilo ulimwage kwenye sufuria nyembamba. Maji ni yale yale, ila kwenye sufuria kina kimezidi. Ndivyo inavyokuwa kwa nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo mbali sana angani. Picha yake ndani ya kamera inasinyaa, eneo lake linabaki asilimia 64 ya lile la awali, na mwanga ule ule unarundikana hapo. Picha iliyotaka dakika tano sasa inatosheka na dakika tatu na sekunde 12. Na kwa kuwa kila kitu kimesinyaa, kamera inapata nafasi ya kuona sehemu pana zaidi ya anga.

Utasema dakika mbili si kitu. Nami nilidhani hivyo, mpaka Julai ya mwaka jana nilipokwenda Nyamisati, ukingoni mwa delta ya Rufiji, kwa usiku mmoja tu niliokuwa nimepewa ruhusa kazini. Mwezi ulikuwa mchanga, ukazama mapema. Kwanza nilikwenda kumwamkia mwenyekiti wa kitongoji na kumfungulia sanduku aone kilichomo. Wilaya ya Kibiti ilipita kipindi kigumu cha mauaji mwaka 2017, na viongozi wa vijiji walikuwa miongoni mwa waliouawa. Mgeni hatoki tu gizani na bomba refu la chuma juu ya miguu mitatu.

Shida ya pale ni hii. Dunia inazunguka, kwa hiyo darubini nayo lazima izungushwe na mota ili nyota isitoroke. Mhimili wa mota hiyo hauna budi kuelekezwa kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota huonekana hazisogei. Watu wa Ulaya wanayo nyota ya kaskazini, inang'aa, wanailenga na kazi imekwisha. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini nayo, ukiwa Rufiji, iko nyuzi 8 tu juu ya upeo, pungufu ya ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno. Mimi kusini niliona mikoko. Nililazimika kukisia, kisha kurekebisha kidogo kidogo kwa kutazama nyota zinavyoteleza. Picha ya dakika tano ikatoa nyota ndefu kama punje za mchele. Ya dakika tatu, yenye ridusa, ikatoa nyota za duara, kwani ridusa imesinyaza hata kosa lenyewe.

Sikuyapata hayo bila kulipa. Ridusa inataka kukaa mbali na kamera kwa kipimo chake maalumu. Kwa nyingi ni milimita 55. Mimi nilikuwa nimefunga pete moja ya ziada, umbali ukawa 62, na nyota zote za pembeni zikatoka na mikia kama viluwiluwi. Nililaumu miguu ya darubini, nikalaumu upepo wa baharini, nikalaumu umande. Saa mbili nzima zilipotea kabla sijahesabu pete.

Kuanzia saa tano usiku ndipo nikaanza kupata kitu. Karibu utosini, katika nyota za Kausi, kuna nebula mbili jirani ambazo Mfaransa Messier aliziorodhesha mwaka 1764 kwa namba 8 na 20. Ile ya 8 inaonekana kwa macho matupu kama doa la moshi, na mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka 4,000 kutufikia. Bila ridusa zote mbili zinabanana hadi kingo za picha. Nikiwa nayo zilikaa pamoja na nafasi ikabaki. Nilipiga picha 40, za dakika tatu kila moja. Saa tisa usiku, Kilimia kilipochomoza, mwenyekiti alikuja na tochi kuangalia kama bado ni mzima.

Sasa nirudi Temeke. Kama kijana huyu anataka pete za Zohali, ridusa itamharibia, kwani atapata kitu kidogo zaidi. Galaksi nyingi nazo ni ndogo tayari. Na akibaki nyumbani, taa za mji zitarundikana ndani ya kamera sawasawa na nebula, kwa kiasi kile kile. Ridusa haichagui mwanga. Kilomita takriban 140 za barabara ya kusini zitamfaa kuliko kioo chochote cha dukani. Akishafika gizani, ndipo ridusa itamfaa.

Na kabla ya kupanda basi Mbagala, azipime milimita zake 55 kwa rula, mezani, mchana.