Je, Wajua? Rangi ya Jiwe Hudanganya

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiolojia hufundishwa mapema kutoamini rangi pekee. Pairiti hung'aa njano mithili ya dhahabu, lakini ukiisugua kwenye kigae cha kauri kisicho na glezi huacha mchirizi mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha mchirizi wa njano.

Kipimo kingine ni ugumu. Mwaka 1812, Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi kuanzia talki, yenye ugumu wa 1, hadi almasi yenye 10. Gumu hukwaruza laini. Kioo kina takriban 5.5, kwa hiyo kwatzi (7) hukikwaruza, kalsaiti (3) haiwezi.

Tone la asidi hafifu ya haidrokloriki nalo hutoa mapovu likiangukia kalsaiti. Mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar hutoa mapovu vivyo hivyo, kwa kuwa ni ya chokaa.

Na tanzanaiti ya Mirerani? Ugumu wake ni kati ya 6 na 7. Mwenye pete ya tanzanaiti aikinge na mchanga, maana chembe za kwatzi zilizomo zinaweza kuikwaruza.