Malezi Bondeni: Mtoto Anayeitwa Bwege Kila Siku (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia fimbo. Leo tuzungumzie mdomo, ambao wazazi wengi hawauhesabu kuwa ni adhabu.

Mpunga ukianza kukomaa katika bonde la Kilombero, kazi ya kuamia ndege huwaangukia watoto. Kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na mtoto aliye juu ya dungu hupiga debe na kupaza sauti tangu alfajiri. Akisinzia kidogo tu, masuke yameliwa. Mama anatokea upande wa pili wa shamba akifoka: "Bwege wewe, huna faida yoyote, umerithi uvivu wa baba yako!" Mashamba ya jirani yote yanasikia.

Hasira yake naielewa. Mpunga huo ndio sare za shule, ndio deni la trekta. Lakini kosa lilikuwa usingizi, na usingizi una dawa: apokewe zamu, apate uji mapema. Aliyeambiwa hana faida atajirekebisha wapi? Kwa umri wa miaka minane hana ushahidi wa kumpinga mama yake. Anasadiki. Darasani anajua jibu lakini hanyooshi mkono. Akivunja kikombe anaficha vigae na kudanganya. Mwingine huwageuzia wadogo zake matusi yaleyale.

Wala mtoto huyo si peke yake: utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban kijana mmoja kati ya wanne nchini Tanzania alifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18.

Wazazi hujitetea: "Anajua nampenda." Watafiti Ming-Te Wang na Sarah Kenny walilichunguza hilo katika familia zaidi ya 900 za Pennsylvania, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Watoto wa miaka 13 waliokuwa wakifokewa na kutukanwa walizidi kuwa na dalili za sonona na utundu mwaka uliofuata, na upendo wa mzazi haukupunguza madhara hayo. Nawaomba wasomaji walitafakari hilo, maana wengi wetu tunategemea pilau ya sikukuu ifute maneno ya mwaka mzima.

Hapa Ifakara kuna jambo linalozidisha uzito. Msimu wa kilimo wazazi huhamia shambani, watoto wakabaki mjini na dada mkubwa au bibi ili wasikose shule. Jumamosi baba anarudi, amechoka, anakuta ndoo hazina maji na uwanja haujafagiliwa. Anafoka hadi usiku, Jumapili anaondoka. Kwa mtoto huyo, sauti ya baba kwa juma zima ni ile tu. Baba aanze kwa salamu, aulize wamekula nini, kisha amwite mhusika pembeni na kulitaja kosa lenyewe: "Maji hayakuchotwa. Kwa nini?"

Na ukishateleza, mwombe radhi mtoto. Najua wazee wetu wataguna. Lakini "nisamehe mwanangu, sikupaswa kukuita vile" humpa ushahidi aliokuwa ameukosa, tena kutoka kwa mtu yuleyule aliyemhukumu.

Wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu waisome Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: katika tafsiri yake ya unyanyasaji wa mtoto, matusi yametajwa pamoja na vipigo. Mtoto aliyezidiwa, au jirani yake, anaweza kupiga 116 bila malipo.

Itaendelea wiki ijayo: maneno ya walimu.