Pikipiki ukiizima haili, farasi je?

KAMA umewahi kupita Ngong Racecourse siku ya mbio ukaona wale farasi waking'aa kama viatu vya askari wa gwaride, najua wazo lililokujia. Hata mimi lilinijia. Nilikuwa nimeachana na chuo, nina pikipiki ya boda na hesabu tamu kichwani: nunua farasi aliyestaafu mbio, zungusha watoto wikendi, Sh200 kwa kila mtoto, maisha yanyooke.

Nikauza pikipiki. Binamu yangu akaongezea kidogo, tukapata farasi dume aliyehasiwa, wa miaka saba, kahawia. Bei haikutuuma, na hapo ndipo wengi wetu huingia mtego. Farasi aliyemaliza mbio huuzwa rahisi, mwingine hata hutolewa bure. Anayemtoa anajua ametua mzigo gani.

Sasa piga hesabu nami. Farasi wa kilo 500 hula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Robota la Boma Rhodes tulilokuwa tukinunua Kiserian lilikuwa na kilo 15 hivi, Sh300. Hayo ni marobota 20 kwa mwezi, Sh6,000. Kiangazi kikaja, robota likafika Sh450, yaani Sh9,000, na bado sijataja pumba, chumvi wala dawa ya minyoo. Maji ni kama lita 40 kwa siku, mitungi miwili, na wewe wa Rongai unajua mtungi hauji bure.

Kwato zake hukua kama kucha zako. Kila wiki sita hadi nane lazima fundi azikate, la sivyo ataanza kuchechemea. Meno nayo husawazishwa angalau mara moja kwa mwaka. Na chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika usithubutu kuiruka. Huenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wa usiku, hauna tiba na huua upesi. Pundamilia huubeba bila kuugua, na Kajiado pundamilia ni majirani.

Biashara yenyewe? Farasi wa mbio amefunzwa kukimbia, si kubeba mtoto wa miaka tisa kando ya barabara. Matatu moja ilipiga honi, mvulana akaponea chupuchupu. Wikendi hiyo tulifunga mapema.

Lakini usiku ninaoukumbuka zaidi ni mmoja wa Machi. Saa nane, simu ya saisi wetu.

"Kijana, farasi analala na kuamka, anajitazama ubavu. Njoo sasa hivi."

Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota, kilichomo hakina njia ya kurudi juu, na anaweza kufa kabla ya kupambazuka. Tulimtembeza gizani, mzee akishika kamba, mimi nikimulika kwa simu. Daktari wa mifugo alifika saa kumi na moja, akamdunga sindano ya maumivu, kisha akampitisha mpira puani hadi tumboni. Ada yake ilimeza mapato ya wikendi tatu. Nililipa kwa mkopo wa simu.

"Mzee, nilikosea wapi?"

"Ulimbadilishia chakula ghafla, kijana wangu."

Kweli. Nyasi zilipopanda bei nilimpunguzia, nikamjazia pumba ili niokoe hela.

Alipona. Ila farasi huishi miaka 25 hadi 30. Ukimnunua akiwa na miaka saba nawe una 24, huenda bado unamtafutia nyasi ukiwa na 42. Sisi tulimudu miezi 11. Tulimpeleka kwa mama mmoja wa Karen mwenye farasi wengine wawili, na siku ya kwanza tu akaacha kule kulia kwake kwa usiku. Kumbe mnyama wa kundi tulikuwa tumemfungia peke yake mwaka karibu mzima.

Siku hizi huenda huko kila Jumamosi. Nazoa samadi mabanda matatu, halafu napanda saa moja bila malipo. Ukitaka farasi, anzia hapo: tafuta mabanda yaliyo karibu nawe, omba koleo na wilbaro, fanya hivyo miezi sita, msimu wa mvua ukiwemo. Mimi pikipiki sijarudisha. Ule mkopo umebaki Sh1,800.