Rangi na Magamba: Tatizo la Kumfafanua Nyoka wa Jenasi ya Elapsoidea

Jina moja la Kiingereza, litokanalo na ukanda wa kushikilia soksi, hutumiwa kwa makundi mawili ya nyoka yasiyo na ukoo wa karibu. Nyoka wa jenasi ya Thamnophis, wa Amerika, kwa kawaida hawamdhuru sana binadamu. Elapsoidea wa Afrika wamo katika familia ya swila na koboko, na wana sumu. Mfasiri afuataye jina tu aweza kumpotosha mkulima wa Endasak, chini ya Mlima Hanang.

Makala haya yanadai kuwa ufafanuzi utangulize magamba, kisha rangi. Elapsoidea loveridgei, aliyeelezwa na Parker mwaka 1949, huishi katika nyanda za juu za Kenya na za kaskazini mwa Tanzania. Akiwa mchanga, mikanda myeupe au ya kijivu huukata mwili wake mweusi. Akikua, mikanda hufifia, pengine ikabakiza mistari myembamba tu. Hivyo mtoto na mzazi waweza kudhaniwa kuwa spishi mbili. Magamba hayabadiliki: ni laini, yamepangwa katika safu 13 katikati ya mwili. Magamba ya Thamnophis yana mwinuko katikati, na milia yake hufuata urefu wa mwili.

Kwa hiyo, fasili ya "nyoka mwenye mikanda" haitoshi. Kamusi haina budi kutaja magamba, mabadiliko ya umri na, zaidi ya yote, sumu.